Tuwaachie Mama Zetu Nyuso Zao



Katika vijitabu kama hiki tumezoea kuandika juu ya ngoma, mahari, majina ya ukoo na mazishi. Safari hii tunaandika juu ya ngozi inayozunguka mdomo. Wengine watacheka na kusema, wazee hawa wamekosa la kuandika. Tunawaomba wasome kwanza mpaka mwisho. Jambo hili ni la desturi sawa na yale mengine, na linagusa afya ya mama zetu, heshima ya shangazi zetu na hata uhai wa bibi zetu.

Siku hizi hapa Kalemie, ukitoka bandarini ukapita sokoni, utakuta meza zimepangwa chupa, makopo na tyubu za kila rangi. Nyingine zimevuka ziwa toka Kigoma, nyingine zimeteremka toka Bujumbura na Uvira, nyingine zimetoka upande wa Lubumbashi. Juu ya pakiti kuna picha ya mwanamke asiye na hata mkunjo mmoja. Muuzaji hangoji mama aulize. Anamwangalia usoni na kuanza yeye:

"Mama, uko unazeeka mbio. Angalia namna mdomo iko inajikunja. Chukua hii, juma mbili tu, yote itaisha."

"Iko bei gani?"

"Elfu kumi ya franga, lakini juu yako mama nitapunguza."

Mama huyo hakuwa mgonjwa alipotoka nyumbani. Alikuja kununua chumvi na sabuni. Ameambiwa kwamba uso wake ni ugonjwa, na dawa iko hapo hapo mezani. Biashara hiyo ndiyo tunayoipinga. Tunapinga pia kitu kilicho nyuma yake, ambacho hakitoki Kigoma wala Lubumbashi. Kinatoka kwetu sisi wenyewe, nasi tutakifikia.

Kwanza tuseme mikunjo hiyo hutoka wapi

Mdomo umezungukwa na msuli wa duara, kama kamba inayofunga mdomo wa mfuko. Kila mtu anaposema, anapokula, anapocheka, anapopuliza moto wa mkaa, msuli ule hujikaza na ngozi ya juu yake hujikunja. Kijana ngozi yake hurudi mahali pake, kwa sababu ndani yake mna nyuzi nyuzi zinazoishika na kuivuta. Miaka ikipita nyuzi hizo hupungua, na ile mistari iliyokuwa ikija na kwenda inabaki. Wanawake huwahi kuipata kuliko wanaume, maana ngozi yao ya hapo ina visima vichache vya mafuta, na hawana ndevu.

Jua nalo hukata nyuzi zile. Mama anayeanika ndagala kwenye mchanga toka asubuhi hadi saa kumi, mwaka hata mwaka, analipokea jua la ziwa lote usoni. Tumbaku ni adui mwingine, iwe sigara au kiko cha bibi, kwa moshi wake na kwa kule kunyonya. Halafu kuna meno. Meno yakitoka, mfupa wa taya nao hupungua, midomo ikakosa cha kuegemea na kujikunja kwa ndani. Nyuso nyingi tunazosema "amezeeka sana" kumbe ni nyuso zilizokosa meno tu.

Ngozi nyeusi, hata hivyo, ina mlinzi wake. Rangi yetu yenyewe huzuia sehemu kubwa ya mwale mbaya wa jua usifike ndani. Ndiyo maana madaktari wa ngozi wanajua kwamba mikunjo ya jua kwa watu weusi huchelewa, mara nyingi kwa miaka kama 10, ukilinganisha na watu weupe. Shikeni neno hilo vizuri, maana hoja yetu yote juu ya makopo yale imesimama hapo.

Je, ndani ya kopo kuna nini?

Mafuta mengi yanayouzwa hapa kwa jina la kuondoa mikunjo ndiyo yale yale ya kuchubua. Watu wetu wanataka mambo mawili kwa pesa moja, uso laini na uso mweupe, na wauzaji wamelijua hilo. Vilivyomo vinavyotisha zaidi ni vitatu.

Cha kwanza ni hidrokinoni. Kazi yake ni kuzuia ngozi isitengeneze rangi. Ukiitumia kwa muda mrefu, hasa juani, inaweza kugeuka na kuleta madoa ya bluu na nyeusi ambayo hayatoki tena. Huko Afrika Kusini madaktari waliandika habari za madoa hayo kwa wanawake weusi tangu 1975. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliikataza katika mafuta ya kuchubua mwaka 2001. Côte d'Ivoire ilikataza mafuta ya kuchubua mwaka 2015, Ghana ikaikataza hidrokinoni mwaka 2016, na majirani zetu wa Rwanda walipita madukani wakikusanya makopo hayo mwishoni mwa 2018 na mwaka 2019. Kitu kinachofukuzwa kwa wenzetu kinatafuta soko lingine, na soko hilo lisiwe sisi.

Cha pili ni zebaki, yaani merkiri. Hiyo huharibu figo na mishipa ya fahamu, nayo hupita toka kwa mama mjamzito hadi kwa mtoto aliye tumboni. Mapatano ya Minamata, yaliyotiwa sahihi Japani mwaka 2013, yalitaka mafuta na sabuni zenye zebaki nyingi ziishe kufikia 2020. Mwaka 2023 mataifa yakakubaliana kwamba hata kile kiasi kidogo kilichokuwa kimeachwa kiondolewe.

Cha tatu ndicho kinachodanganya kuliko vyote, nacho ni dawa za jamaa ya klobetasoli na betametasoni. Hizi ni dawa za kweli. Daktari huziandika kwa upele mkali, kwa siku chache, mahali padogo. Ukizipaka usoni, majuma ya kwanza utazisifu. Uso unakuwa laini, unang'aa, majirani wanauliza umefanya nini. Lakini dawa hizo huikondesha ngozi. Zile nyuzi tulizozisema hapo juu, zinazoshika ngozi isijikunje, ndizo zinazoliwa. Baada ya miezi ngozi inakuwa kama karatasi ya sigara, mishipa inaonekana, kidonda kidogo hakiponi. Anayejipaka mwili mzima anaweza kupata ugonjwa wa sukari na wa damu kupanda, na siku akipasuliwa, ngozi haishiki nyuzi vizuri. Kwa wanawake ambao baadhi yao huenda wakahitaji kupasuliwa ili wazae, hilo si jambo la mzaha.

Basi tupige hesabu kama watu wa soko. Mama anatoa franga ili anunue kitu kinachomwondolea ile rangi iliyokuwa ikimkinga na mikunjo, na kinachokula zile nyuzi zilizokuwa zikizuia mikunjo. Amelipa ili azeeke mbele ya siku zake. Nani kati yetu angenunua mtumbwi kwa bei nzuri kutoka kwa mtu anayeutoboa huku akihesabu pesa?

Tunamjua mama mmoja muuza ndagala, mtu wa maneno mazuri, ambaye kila ukoo ulimwita siku ya kuzungumza mahari. Alinunua tyubu kwa ajili ya mistari ya juu ya mdomo. Mwezi wa kwanza alifurahi. Mwezi wa nne vipele vyekundu vilitoka kuzunguka mdomo wote, vikaacha kaduara kadogo tu karibu na midomo. Alipoacha kupaka vilizidi, kwa hiyo akanunua tyubu nyingine yenye nguvu zaidi, vikatulia, halafu vikarudi. Madaktari wanaujua ugonjwa huo, na wanajua kwamba moja ya sababu zake kubwa ni dawa hizo hizo. Lakini mtaani watu hawakusema ni tyubu. Walisema amelogwa, na wengine wakasema yeye ndiye mwenye kuloga, vimemrudia. Siku ya mahari ya binti wa kaka yake alikuja amejifunika mdomo kwa kitenge. Walipompa neno, alitikisa kichwa, akakataa kusema. Tulikuwapo. Mdomo ule ndio uliokuwa ukipatanisha koo mbili, na siku ile ulinyamaza kwa sababu ya kopo la elfu kumi.

Na wale wenye pesa?

Kuna watakaosema: hayo ni makosa ya maskini wanaonunua vitu vibaya, lakini kuna matibabu mazuri Ulaya, Marekani, Afrika Kusini, Nairobi. Tusiyafiche. Yapo, na mengine yanafanya kazi. Tuyapime moja moja.

Kuna sindano ya kulegeza msuli. Dawa yake hutokana na sumu ya kijidudu kile kile kinachoua watu kwa chakula kilichooza ndani ya kopo, ila huwekwa kwa kipimo kidogo sana. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliiruhusu kwa urembo mwaka 2002, tena kwa mikunjo ya katikati ya nyusi. Kuidunga kwenye mdomo ni kazi ya kuangalia sana, maana msuli ule ndio tunaosemea. Ikizidi kidogo, mtu hawezi kupiga mluzi, maji yanamtoka pembeni akinywa, na herufi zinazotaka midomo ikutane zinamshinda. Jaribu kufunga midomo nusu, halafu sema "mama", "baba", "bibi". Baada ya miezi mitatu au minne dawa inaisha na mikunjo inarudi, unaanza kulipa upya.

Kuna sindano ya kujaza, inayoweka kitu kama utelezi mzito chini ya ngozi ili ule mfereji uinuke. Hukaa nusu mwaka, mwaka, wakati mwingine zaidi kidogo. Ikiingia ndani ya mshipa wa damu inaweza kuziba, na nyama ya hapo ikafa. Watu wamepoteza hata jicho. Na matapeli hudunga silikoni ya maji maji badala yake, ambayo haitoki tena.

Kuna kuunguza ngozi ya juu kwa dawa kali au kwa mwanga wa mashine ili ngozi mpya iote. Kwa ngozi nyeusi jambo hilo lina hatari yake: mahali palipounguzwa mara nyingi hubaki madoa meusi, na wengine huota makovu yaliyovimba. Daktari mwenye mazoea ya ngozi nyeusi anajua namna ya kupunguza hatari hiyo. Asiyejua atakuachia alama ya maisha.

Kuna pia mafuta yanayotokana na vitamini A ambayo kweli hupunguza mistari midogo, yakitumiwa kwa miezi mingi, chini ya macho ya daktari. Hayafai kwa mwanamke mwenye mimba, na yanafanya ngozi iogope jua.

Hatusemi mwenye pesa zake asiende. Tunasema tu kwamba kila dawa ya kweli ina mwisho, ina hatari, na inamtaka daktari aliyesomea. Anayewauzia mama zetu uso mpya kwa juma mbili, kwenye meza ya sokoni, anasema uongo. Na anayedunga sindano ndani ya saluni kwa sababu alitazama mtu akidunga, tunamuomba Serikali imkamate mbele ya kumuua mtu.

Tusijidanganye juu ya wazee wetu

Hapa ndugu wengine wa chama wangependa tuandike kwamba wazee wetu hawakugusa uso wa Mungu, na kwamba haya yote ni mambo ya Wazungu. Hatutaandika hivyo, maana si kweli. Batabwa walikata chale usoni, mgongoni na tumboni, kwa ufundi mkubwa. Katika nchi nyingi za kando ya ziwa watu walichonga meno. Sanamu la Lusinga, lile ambalo Storms alilichukua mwaka 1884 alipomuua mtemi huyo, liko mpaka leo katika makumbusho ya Tervuren huko Ubelgiji, na chale zake zimechongwa kwa uangalifu. Walipokuja Mapadri Weupe na kupewa Mpala mwaka 1885, walianza kuwafundisha watoto wetu kwamba alama hizo ni ushenzi. Tena angalieni: ile tabia ya ngozi yetu ya kuinua kovu, ambayo leo inafanya mashine ya mwanga iwe hatari kwetu, ndiyo hiyo fundi wa chale aliyoijua na kuitumia ili alama isimame.

Hata weupe tuliujua. Kwa Baluba na majirani zao kuna pemba, ule udongo mweupe wa baraka. Mtu alipakwa pemba kwa ajili ya jambo jema, watu wakafurahi pamoja naye, na baadaye akanawa.

Kwa hiyo tofauti haiko katika kugusa au kutogusa. Wazee wetu waliuongezea uso neno. Chale zilisema huyu ni nani, ametoka wapi, amefikia umri gani. Hawakumlipa mtu ili afute. Mikunjo ya mdomo nayo ilihesabiwa kama maandishi, ila hayo yaliandikwa na miaka. Ukimwona mama mwenye midomo iliyojikunja ulijua kwamba amezika watu, amezalisha wengine, amewafunda mabibi arusi, na kwamba kwenye barza atangojwa aseme. Waswahili husema penye wazee haliharibiki neno. Lakini mzee alitambulikanaje? Hakuwa na karatasi mkononi. Alitambulikana kwa uso.

Sasa tufike kwetu sisi

Tumewalaumu wauzaji, na wanastahili. Lakini muuzaji hauzi kitu kisichotafutwa. Kwa nini mama wa miaka hamsini aogope mstari wa juu ya mdomo? Tumewauliza akina mama wenyewe, na tukikaa nao kimya bila kuwacheka, majibu yao hayahusu urembo sana.

Wa kwanza atakwambia: "Bwana yangu ananiita kikongwe mbele ya watoto." Wanaume wa mji huu, tusemezane. Ule ujana wake uliisha ndani ya nyumba yako, juu ya jiko lako, juu ya watoto wako. Leo unatafuta biro ya pili, halafu unashangaa mke anajiunguza uso. Tyubu ile umeinunua wewe, hata kama pesa zilitoka kwenye ndagala zake.

Wa pili atakwambia kwamba wateja wanakimbilia meza ya msichana. Wa tatu, mjane, atapunguza sauti. Atasema kwamba mtoto alipokufa kwa jirani, watu walimwangalia yeye. Hapo ndipo jambo lenyewe lilipo. Kwetu siku hizi uso wa mwanamke mzee umegeuzwa kuwa ushahidi wa ulozi. Mdomo uliojikunja, jino moja, macho mekundu ya moshi wa kuni, basi, kesi imekwisha. Ng'ambo ya ziwa, katika nchi ya Wasukuma, vikongwe wameuawa kwa miaka mingi kwa sababu ya macho mekundu tu. Upande wetu, mwaka 2021, zilitoka habari za Kivu ya Kusini kwamba wanawake walitajwa kuwa walozi, wakakamatwa na vijana, wengine wakachomwa moto. Sheria ya nchi yetu ya 2009 inamlinda mtoto asisingiziwe ulozi, na tunaisifu. Je, bibi yake si mtu?

Mwanamke anayejua hayo, akinunua kopo, hanunui urembo. Ananunua miaka michache ya kutoangaliwa vibaya. Kwa hiyo wale vijana wanaowaimbia mama zetu njiani, "uso Fanta, miguu Coca", na wahubiri wanaowatukana Jumapili kwa kujipaka mafuta, wanapiga mtu aliyekwisha kuanguka. Wahubiri wengine Jumapili wanawacheka wanaojichubua, na Jumatano usiku wanamtaja bibi wa watu kuwa mlozi. Mkono mmoja unamsukuma mwanamke kwenye kopo, na mkono mwingine unamchapa kwa kulishika.

Watu watatujibu: kila mtu ana haki na uso wake. Tunakubali, tena tunalisema kwa nguvu. Lakini haki hiyo iko wapi kwa mtu aliyeambiwa uongo juu ya kilichomo ndani ya kopo? Iko wapi kwa mtu anayechagua kati ya ngozi yake na usalama wake? Haki ni pale mama anapoweza kuubadili uso wake au kuuacha, na katika hali zote mbili akapata mume wake, mteja wake, kiti chake kwenye barza, na usingizi wake usiku.

Tunataka nini?

Kwa akina mama. Kama umekwisha kutumia tyubu kwa muda mrefu, usiikate ghafla peke yako kwa siri, maana uso utawaka na utarudi kununua nyingine. Nenda kwa daktari na tyubu mkononi, mwonyeshe, usione haya. Kwa siku zote, vaa kofia pana au jifunike kitambaa unapoanika samaki, osha uso kwa sabuni laini, paka mafuta ya kawaida ya kulainisha ambayo hayaahidi kitu. Acha tumbaku. Tunza meno, na yaliyong'oka, kama pesa inapatikana, wekewa ya bandia, maana yanauinua mdomo kuliko kopo lolote la sokoni. Mikunjo haitaisha kwa hayo. Itapungua kuongezeka, na ngozi itabaki mzima.

Kwa wauzaji. Ninyi ni watoto wetu, tunajua maisha ni magumu na kila mtu anatafuta cha jioni. Uzeni sabuni, uzeni mafuta ya ngazi, uzeni vitenge. Lakini dawa ya hospitali usiiuze kama pomadi, na usimwambie mama wa mtu kwamba uso wake ni ugonjwa.

Kwa wakubwa wa mkoa na wa mji. Mkoa wetu wa Tanganyika ulipata kusimama peke yake mwaka 2015, kwa hiyo tusiseme kila kitu kinangoja Lubumbashi. Bandari ni yetu. Makopo yanayopita pale yaangaliwe kama vile samaki wanavyoangaliwa.

Kwa wahubiri na machifu. Atakayemtaja mwanamke mzee kuwa mlozi kwa ajili ya uso wake, atengwe yeye, si bibi. Neno hilo litangazwe kwenye barza na madhabahuni, kwa jina la kila kabila na kila dini iliyo hapa, kutoka Kataki mpaka Lubuye na vijiji vyote vya kando ya ziwa.

Na kwetu sisi wa chama. Kwenye sherehe zetu tumezoea kuwaweka wasichana wazuri mbele wapokee wageni, na bibi zetu tumewaweka nyuma, karibu na masufuria. Tumeanza kubadilisha. Bibi atakaa kiti cha mbele, na ndiye atakayefungua maneno. Kama hatuwezi kufanya hilo dogo, tusijiite watu wa desturi.

Yule mama muuza ndagala alikwenda mwishowe kwa daktari. Aliambiwa aache kila kitu, akapewa dawa ya vipele, akavumilia majuma mabaya. Ilichukua miezi. Ngozi ya hapo imebaki nyembamba na mistari yake iko, tena mingi kuliko mwanzo. Mwaka uliofuata kulikuwa na mahari nyingine katika ukoo ule. Watu walibishana juu ya mbuzi na vitenge mpaka giza likaingia. Akasimama bila kitenge usoni, akasema maneno machache tu, na pande zote mbili zikakubali. Hakuna aliyemwangalia mikunjo. Walikuwa wanasikiliza.